Maji Yana Ganzi

Mara ya kwanza Mukonyo aliposema maji yana ganzi, binti yake hakugeuka hata kumtazama. Wanza alikuwa amechutama uani akifunga mafungu ya sukuma wiki, na habari ya ganzi alikuwa ameisikia kwa miaka mitatu: ganzi ya vidole, ganzi ya nyayo, ganzi inayopanda mpaka magotini. Ndivyo ugonjwa wa sukari unavyofanya. Alimwambia mama yake ameze dawa, avae ndala, asishinde juani.

"Sijasema mkono una ganzi," Mukonyo alisema. "Nimesema maji."

"Mwaitu, ni mkono," Wanza alimjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Bomba lenyewe lilikuwa hatua sita kutoka mlango wa jikoni, chuma kitupu kwenye kisakafu cha saruji, na lilikuwa limesimama hapo tangu nyumba hii ya Mwakingali ijengwe. Halikuwahi kumdhuru mtu. Lilitoa maji ya kisima, yale ya chumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo. Maji matamu ya mfereji yalikuja Voi siku yanapojisikia, na yakija yalitiwa kwenye mitungi ya kunywa, wala hakuna aliyethubutu kuyatumia kwa kazi nyingine. Mukonyo alilitazama bomba kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani aliyeanza kubadilika tabia. Kisha akavua ndala, maana nyayo zilikuwa zinamwaka, akafungua maji kwa ncha ya leso.

Angeweza kumwambia mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa Mulinge, mume wa Wanza, na alikuwa papo hapo nyuma ya ukuta wa stoo, anasikika akikohoa. Lakini Mukonyo alikuwa Mkamba wa zamani, mzaliwa wa wale waliohamia Mbololo kulima, na kwa watu wake mama mkwe na mume wa binti yake wana nthoni kati yao. Hawashikani mkono. Hawali meza moja. Hawasemezani uso kwa uso. Kule kuja tu kuishi kwa mkwe, ili awe karibu na kliniki, kulimkosesha usingizi mwezi mzima. Wakamtafutia chumba chenye mlango wa nyuma asije akakutana naye ukumbini. Alichotaka kusema kilipitia kwa Wanza, na siku Wanza hayupo kilipitia kwa kuku.

Alikuwapo kuku mmoja mwekundu, mtetea mzee asiyetaga tena, na ndiye aliyekuwa mjumbe. Mukonyo angekaa mlangoni kwake na kusema, "Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba majani ya chai yameisha." Na Mulinge kutoka dirishani angejibu, "Kuku, mwambie nyanya ya Mumo nitaleta." Mumo ndiye mtoto wao, alikuwa shule ya bweni. Dinah, jirani wa pembeni, mwanamke wa Chawia asiye na desturi hizo, aliwaambia kwamba kuku huyo akichinjwa nyumba nzima itakuwa bubu.

Kwa hiyo habari ya bomba ilimfikia Mulinge jioni hiyo kwa mkono wa pili, na ilikuwa imepungua njiani. Wanza alimwambia tu kwamba ganzi ya mama imezidi. Mulinge alisema pole, akarudi stoo.

Ndani ya stoo mlikuwa na mashine mbili. Hazikuwa kubwa, kila moja kama debe lililolazwa, na kazi yao ilikuwa kupiga hesabu bila kupumzika, kuchimba sarafu za mtandaoni ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzishika. Mulinge alikuwa fundi wa mtambo wa kuchambua mkonge kwa miaka kumi na tisa, mpaka shamba lilipopunguza watu. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye mashine hizo, pamoja na hisa za Wanza za chama cha akiba. Aliyemuuzia ni kijana wa Nairobi aitwaye Austin, waliyejuana kwa simu tu, ambaye pia aliziongoza kwa mtandao kutoka huko aliko. Mwezi wa kwanza, baada ya kununua tokeni za stima, kulibaki kitu. Mwezi wa pili kilibaki kitu kidogo. Ndipo Austin akasema mashine ziongezwe mwendo.

Kuongeza mwendo ni kuilazimisha mashine ifanye kazi kupita kipimo cha kiwandani. Inachimba zaidi, inakula stima zaidi, na inachemka. Na Voi kuchemka hakuhitaji kusaidiwa. Saa saba mchana mabati ya stoo yalikuwa hayagusiki. Mashine zilifika digrii tisini zikajizima, zikapoa, zikajiwasha, zikajizima tena.

Mulinge alianza kama fundi, sababu moja baada ya nyingine. Alipuliza vumbi, lile jekundu, lililoganda kwenye mapezi ya chuma ya kupozea kama rangi. Bado. Alitoboa ukuta akaweka feni ya kutoa joto. Zikashuka digrii nne. Alipima stima akakuta mchana inafika volti mia mbili badala ya mia mbili arobaini, akavuta waya mnene kutoka kwenye mita na kuipa kila mashine swichi yake. Kuzimika kwa ghafla kulipungua. Joto likabaki palepale.

Wazo la gunia lilitoka kwa Wanza, na jambo hilo lilimtesa baadaye. Mara mbili kwa wiki alipanda Ronge kuchukua mboga za kuja kuuza, na mboga zile alizihifadhi uani chini ya magunia ya mkonge yaliyoloweshwa, kama wafanyavyo wauza mboga wote wa Voi. Upepo ukipita kwenye gunia bichi unatoka baridi.

"Kabeji zangu hazinyauki," alimtania mumewe, "na wewe fundi mzima unashindwa na sanduku."

Mulinge akatundika magunia mawili mbele ya mashine, akaleta mpira kutoka bombani, akautoboa matundu uyadondoshee maji. Maji ya kisima. Nani angemwaga maji matamu kwenye gunia?

Joto likashuka hadi digrii sabini. Austin alicheka kwenye simu, akamwita profesa, akaongeza mwendo tena.

Baada ya wiki mbili Mulinge aliona unga mweupe kwenye nyaya. Aliufuta kwa kitambaa. Kesho yake ulikuwepo tena, kwenye vichwa vya skrubu, kwenye plagi, ndani ya mapezi, kama ukoko wa sufuria. Feni za mashine zilikuwa zinavuta upepo wa gunia na chumvi yake, zinaipuliza ndani. Yeye alidhani ni vumbi la ukuta. Kisha ile swichi ya usalama kwenye boksi la mita, ambayo huanguka yenyewe stima ikivuja, ikaanza kuanguka. Ilianguka mara moja kwa siku, kisha mara tatu, kisha kila saa, na kila ikianguka nyumba yote inazima na Austin anapiga simu kuuliza mbona mashine zimelala.

Mulinge alimweleza. Austin alisema swichi hizo zina wasiwasi mwingi, zinaogopa hata kivuli. Alisema wengine wote wameipita.

"Kuipita vipi?"

"Unaunganisha waya moja kwa moja, mzee. Kitu cha dakika kumi. Ama unataka tupunguze mwendo turudi pale pa hasara?"

Siku mbili Mulinge hakufanya. Kwenye mtambo wa mkonge alikuwa ameona mtu akiondoa kinga ya mkanda ili kazi iende haraka, na mtu huyo sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Siku ya tatu, Jumatano saa nne asubuhi, alizima stima, akaipita swichi, akawasha. Mashine ziliunguruma bila kukatika mpaka jioni, na siku iliyofuata pia.

Lakini tangu hapo hofu ilihamia kwake. Alikuwa akisimama katikati ya chakula, anakwenda kuweka kiganja kwenye ukuta wa stoo kusikiliza joto lake. Alinusa hewa. Akisikia mlio wa kitu kinachokaangwa kwa Dinah, jasho linamtoka. Aliacha kuvaa ndala, akavaa buti zake za raba za kiwandani hata akienda chooni. Wanza alimuuliza kama anaumwa. Alisema ni joto.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Wanza alikuwa sokoni. Mulinge alikuwa dirishani mwa stoo aliposikia mama mkwe akizungumza.

"Wewe kuku," Mukonyo alisema, na sauti yake ilikuwa juu kuliko siku zote, "mwambie mwenye nyumba bomba linauma. Leo limenivuta mkono mpaka kwenye kiwiko. Mwambie si sukari. Sukari naijua."

Mulinge alisogea mbali na dirisha. Alingoja mpaka mlango wa nyuma ulipofungwa, akatoka, akalikaribia bomba. Maji yalikuwa yamesimama kwenye kisakafu, kuku anakunywa pembeni, amesimama kwenye udongo mkavu. Mulinge alinyoosha kidole akakirudisha. Akanyoosha tena. Akaligusa, kisha akalishika kwa kiganja kizima, akalifungua, akalifunga. Halikumfanya kitu. Alilishika kwa mikono miwili. Kimya. Alicheka peke yake.

Alisahau alichovaa miguuni.

"Kuku," alisema kwa furaha akielekea dirisha la nyuma, "mwambie nyanya nimelishika bomba mwenyewe. Ni zima. Mwambie asisahau dawa."

Ndani, Mukonyo alisikia. Alikaa kitandani mikono juu ya mapaja. Kuongea moja kwa moja, hapana. Kuongea na kuku alikuwa ameongea, na majibu ni kwamba yeye ni mzee mgonjwa anayebuni mambo. Aliamua hatalitaja tena bomba hilo mbele ya kiumbe chochote.

Ijumaa Wanza aliondoka alfajiri kwenda Ronge. Saa saba na nusu jua lilikuwa juu ya ua, na Mukonyo alitoka kuosha sufuria ya uji. Alivua ndala zake akaziweka pamoja, kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe. Leso alikuwa ameifua, ipo kambani. Akalishika bomba kwa mkono mtupu.

Mulinge alisikia sufuria ikianguka. Kisha hakusikia kitu, na kule kutosikia kitu ndiko kulikomtoa mbio.

Alimkuta amesimama. Alionekana kama anayefungua maji tu, isipokuwa shingo yake ilikuwa imekaza na mdomo uko wazi bila sauti, na mkono uliokuwa kwenye bomba ulikuwa unatetemeka vidogo vidogo, kwa kasi, kama mkia wa mjusi. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimedondoka. Nywele zake zote nyeupe, ambazo Mulinge hakuwahi kuziona kwa miaka kumi na sita ya ndoa, zilikuwa juani. Gauni lilikuwa limepanda juu ya goti. Macho yake yalikuwa yanamtazama.

Mulinge aliunyoosha mkono kumshika bega, na mkono ukasimama hewani.

Ulisimama kipande cha sekunde. Yeye aliuona umesimama, na mama mkwe akauona. Kisha akageuka akakimbia, akazunguka pembe ya nyumba, hatua kumi na nne mpaka kwenye boksi la mita, akateleza, akapiga goti, akaivuta swichi kubwa chini. Mashine zilinyamaza. Mtaa wote ulionekana kunyamaza. Aliposikia mwili ukianguka kwenye saruji alibaki ameshika swichi, hawezi kurudi, anaogopa atakachokikuta.

Aliita Dinah. Hakupiga kelele, aliita kwa sauti ile ya kuomba chumvi, tena na tena, mpaka Dinah akatokea juu ya ukuta kumwuliza vipi. Dinah ndiye aliyemfunika Mukonyo, ndiye aliyeweka sikio kifuani, ndiye aliyesema yu hai. Mulinge alisimama mbali na kushika ndala mbili mkononi, bila kujua nani kampa.

Hospitalini walimlaza siku tatu wakiusikiliza moyo wake kwa mashine. Moyo ulikuwa umeruka mapigo kisha ukarudia mwendo wake. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua mstari mweupe, kama mpini wa bomba wenyewe umeandikwa hapo. Daktari aliuliza ni nani aliyekata stima. Dinah akamwonyesha Mulinge kwa kidole.

Jumamosi alikuja Nzuki, fundi wa stima, mtu mfupi asiye na haraka. Alikaa stoo nusu saa. Alitoka na kitambaa chenye unga mweupe, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Umezilisha chumvi," alimwambia Mulinge.

Aliwaeleza wote wawili, Mulinge na Wanza, akiwa amechutama pale bombani. Chumvi yenye unyevu inapitisha stima kama waya. Stima ilitoka ndani ya mashine ikaja kwenye mwili wake wa chuma. Mwili wa mashine umefungwa na waya wa kijani na manjano, ambao fundi wa zamani aliupeleka kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini na kwenye paipu hii ya maji. Ardhi ya Voi ni kavu, haijaona mvua tangu lini, haimezi stima. Kwa hiyo stima ikabaki kwenye paipu, ikingoja mtu mwenye miguu mitupu na majimaji. Swichi ya usalama ilikuwa inaanguka kwa sababu hiyo hiyo. Ilikuwa inasema ukweli.

"Nani aliipita?"

Wanza alikuwa anaangalia buti za mumewe.

"Mimi," Mulinge alisema.

Nzuki hakumgombeza. Aliwafundisha kitu kimoja: chuma usichokiamini usikiguse kwa kiganja, maana stima inaufumba mkono na hutaachia. Gusa kwa nyuma ya mkono. Ikiwepo, mkono utajivuta wenyewe. Kisha akasimama akamshika Mulinge begani.

"Lakini ulifanya jambo moja la akili. Hukumshika. Ungemshika, leo tungekuwa tunachimba makaburi mawili."

Maneno hayo yalienea. Dinah aliyapeleka sokoni, na Jumapili kanisani mzee wa kanisa alimwomba Mulinge asimame watu wamwone, mtu aliyetumia akili wakati wengine wangetumia mikono. Wakapiga makofi. Mulinge alisimama akitazama sakafu, na Wanza, aliyemjua, aliona shingo yake imekaza vile vile kama ya mtu aliyeshikwa na kitu.

Njiani alimuuliza. "Baba Mumo, pale, ulikumbuka habari ya stima?"

Mulinge aliongeza mwendo. Hatua chache mbele Wanza akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye aliambiwa mara ya kwanza kabisa. Aliambiwa ni maji, akasema ni mkono.

Austin alipiga simu mara tisa. Mara ya kumi Mulinge aliipokea, akasikiliza habari za hasara na makubaliano mpaka mwisho, akamwambia mashine zimelala na zitalala, kama ana haja nazo aje azichukue. Kisha alikwenda stoo kuyatoa magunia. Yalikuwa yamekauka, magumu kama mbao, na yalipokunjwa yalimwaga chumvi chini.

Mukonyo alirudi Jumatatu. Walimwekea kiti mlangoni kwake, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kifundo. Wanza aliingia jikoni kuchemsha maji. Mulinge alikuwa anapita na mtungi, upande ule wa ua aliozoea kupita, uso kando. Kuku mwekundu alikuwa kati yao, anachakura.

"Mulinge," Mukonyo aliita.

Mulinge hakuwahi kusikia jina lake likitoka kinywani mwa mama mkwe. Aliuweka mtungi chini. Jikoni, Wanza aliacha kuchochea moto.

"Nilikuona," mama mkwe alisema. Alikuwa anamtazama moja kwa moja, ingawa jambo alilokuwa akilifanya lilimtisha. "Uliuleta mkono. Ukausimamisha."

"Ndiyo, mama."

"Watu wanasema ni akili."

Mulinge alitazama bomba, akatazama kuku. Kuku hakuwa na msaada.

"Haikuwa akili," alisema. "Stima sikuikumbuka hata kidogo. Niliona nywele zako, nikaona aibu. Nilikuwa nimekuacha ufe kwa sababu ya aibu. Mbio zilikuja baadaye."

Alingoja. Aliogopa kuliko alivyoogopa pale kwenye boksi la mita. Jikoni maji yalisikika yakichemka na kumwagikia moto.

"Mimi nilikuwa naomba," Mukonyo alisema mwishowe. "Kichwani. Mdomo ulikataa. Nilikuwa naomba, asinishike hivi nilivyo, kichwa wazi. Kufa sikukufikiria. Nilifikiria gauni." Akacheka kwa pua, cheko fupi, kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Lakini kabla ya hapo nilikutumia kuku."

"Aliniambia."

"Alikuambia vizuri?"

"Aliniambia vizuri, mama. Mimi ndiye niliyevaa buti."

Mukonyo aliitikia kwa kichwa. Aliunyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, lakini hakuufungua. Aliugeuza, kiganja chini, vidole vimelegea, akauacha hapo hewani mbele ya mkwe wake.

"Wanza ameniambia yule fundi amesema hivi, sivyo? Kitu usichokiamini."

Mulinge alisogea. Aliifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu. Akaugeuza wake, akauleta polepole, kama alivyolikaribia bomba ile Alhamisi, mpaka nyuma ya mkono wake ikagusana na nyuma ya mkono wa mama mkwe. Ngozi ya mzee ilikuwa ya moto na nyepesi. Hakuna mkono hata mmoja uliojivuta.